Mume Aliyesaga Kuliko Jiwe la Mkewe

Ruthu alikuwa ameshavuka reli, jiwe la kusagia kichwani, anarudi kwao Mlali.

Wenzake wakisusa hubeba nguo. Yeye kabeba jiwe!

Nyuma yake mumewe, Elieza, anamkimbilia, taya kalifunga kitambaa.

"Mke wangu, rudi!"

Meno yamebana, sauti ikatoka kama nyuki ndani ya kibuyu.

"Sirudi! Nyumba gani ina mawe mawili? Langu linatoa unga. Hilo lako linatoa nini?"

Jamani, msimcheke. Elieza akipitiwa na usingizi tu, meno yanaanza. Krrr! Krrr! Jirani mmoja aliwahi kuja asubuhi na bakuli kuomba unga wa uwele, akijua wamekesha wakisaga.

Mchana taya linauma hadi sikioni. Ugali hautafuniki, mtu anaishi kwa mlenda. Mganga akasema ni minyoo. Elieza akanywa dawa, akaharisha mpaka akabaki kama fimbo ya kuchungia.

Meno? Yanasaga tu.

Chanzo ni nini? Miaka ile Wadachi, yaani Wajerumani, ndio wanaleta reli Dodoma, na Elieza alikuwa akibeba mataruma ya kulazia reli pale Mkonze. Siku moja Mdachi msimamizi akaporomoka kutoka juu ya punda, pwaa, kwenye mavi ya ng'ombe.

Wote wakatazama pembeni. Elieza akacheka.

Akalazwa chini. Viboko hamsa ishirini! Kiboko kilishikwa na nyapara Rehani.

"Ukilia, naanza upya!"

Elieza akauma kilemba chake. Hakutoa hata mguno. Watu wakamsifu, dume hilo! Tangu hapo hakucheka, hakulia, na meno hayakuachia.

Sasa pale njiani Ruthu akasimama, akageuka na jiwe lake.

"Baba, nikuulize. Kilio cha siku ile ulikipeleka wapi?"

Elieza akagusa taya.

"Basi kitoe. Hapa hapa. Ukikitoa narudi. Usipokitoa, mimi na jiwe tunakwenda."

"Watu watasikia!"

"Wamekusikia ukisaga mwaka mzima. Unaficha nini tena?"

Elieza akafungua kitambaa. Akavuta pumzi.

"Uuuuwiiii!"

Lo! Alisahau yuko Ugogo. Mwanamume akipiga yowe mchana kweupe, maana yake moja: ng'ombe wameporwa. Huulizi, unachukua mkuki.

Kila nyumba ikamwaga watu. Mbele yao Mzee Yotham, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, mdomo bado una ugali.

"Wamepita wapi?"

Elieza analia, machozi na kamasi, hasikii kitu. Mkono kaunyoosha kule alikopigwa.

Mikuki ikaelekea relini.

Nyapara Rehani kuona vile, akatupa kiboko, akatupa kofia, akapanda mgunga. Mgunga wenyewe miiba mitupu.

"Wazee wangu, mimi nilitumwa tu! Mdachi ndiye alisema nimchape!"

"Ng'ombe wako wapi?" Yotham akafoka.

"Ng'ombe gani, mzee? Mimi hata maziwa sinywi!"

Mwiba ukamchoma palepale alipozoea kuwachapa wenzake. Akaruka, ukamngoja mwingine.

Elieza akafika, akatazama juu.

Kitu kikalia tayani. Ka! Mdomo ukafunguka wote. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo hakuna ng'ombe walioporwa?" Yotham akauliza.

"Hakuna, mzee. Shikamoo."

"Shikamoo nini! Tumeacha chakula. Leta mbuzi."

Yotham alikula mbuzi, akasema alikuwa mgumu. Rehani alishushwa jioni, akaomba kuhamishiwa kambi nyingine, hakuonekana tena Mkonze. Mdachi alirudi kwao, punda akabaki. Elieza alifia uzeeni, na tangu siku ile ya yowe alilala kimya. Ruthu alirudisha jiwe ndani, kisha yeye ndiye akaanza kukoroma. Elieza hakuhama.

Ndugu yangu, ukiumizwa, lia siku hiyo hiyo. Ila kama uko Ugogo, waambie kwanza majirani.