Mfuko wa Fimbo Wenye Msalaba

Mkanda ulikatika Ijumaa ya likizo ya Agosti, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuitazama kwenye simu, nikijisifu kwamba leo nimewahi. Begani nilikuwa na mfuko wa turubai, ndani yake fimbo ya pool ya mama mdogo. Nikija mazoezini, niliruka mtaro ulio mbele ya nyumba yake pale Kaloleni, na nikiwa bado hewani nikasikia "tap!" Mimi nilifika ng'ambo. Fimbo ilibaki mtaroni.

Mama mdogo alikuwa mlangoni akisuka mteja. Ni mdogo wake mama yangu, ana saluni sebuleni na meza ya pool kwenye veranda, na kwa fimbo hiyo amewahi kunyamazisha wanaume waliokuja wakicheka. Hakupiga kelele. Alimwacha mteja na kichwa nusu, akaiokota, akaifuta kwa leso, kisha akaiviringisha juu ya meza kuona kama imepinda. Iliviringika sawa.

"Bahati yako," akasema, akarudi kwa mteja wake.

"Pole, mama mdogo."

"Pole yako peleka kwa mtaro. Kesho saa tatu mnacheza Nyalenda, si ndiyo? Ukija hapa jioni na mfuko wenye mkanda ninaouamini, fimbo utabeba. Usipokuja nao, utacheza na zile za ukumbini, zimepinda kama mkia wa nguruwe."

"Si nitaishika mkononi tu?"

"Fimbo ya mkononi ni ya kuchunga ng'ombe."

Mteja alicheka mpaka rasta ikamponyoka mama mdogo vidoleni.

Hapa niseme ukweli. Mimi ni mtu wa haya. Niko kidato cha tatu, na muhula uliopita wote sikuinua mkono darasani hata mara moja. Kwenye pool hakuna anayekuuliza maoni yako. Unainama, unalenga, mpira unaongea kwa niaba yako. Lakini nilikuwa sijawahi kucheza nje ya veranda ile, na kesho yake wasichana wa mitaa kadhaa walikuwa wanakutana kushindana kwa mara ya kwanza. Nilijijua. Nikienda na fimbo iliyopinda, nitatolewa mchezo wa kwanza, nirudi nyumbani, na sitathubutu tena.

Nilianzia mjini. Duka la vifaa vya michezo lilikuwa na mfuko mmoja mrefu wa kutosha, mweusi, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Niliushika mkanda nikauvuta. Nyuzi zikaonyesha meno.

"Dada, unataka kununua ama kung'oa?" muuzaji akaniuliza.

Niliurudisha polepole, nikatoka bila kuaga. Nikapanda pikipiki hadi Otonglo, kwa mzee mmoja anayeshona viti vya pikipiki na mahema ya matanga. Mashine yake ni ile kubwa ya kukanyaga, ameiweka chini ya mabati, ubavuni mwa mama anayeuza omena.

"Karibu, nyathina, mwanangu. Tushone nini?"

Nilimtazama mama wa omena. Alikuwa na wateja wawili, na wote watatu walikuwa wananitazama mimi. Nikaliruka neno pool. Kwetu msichana akitaja pool, watu wanasikia baa.

"Mfuko," nikasema. "Wa fimbo."

"Fimbo ya nani?"

"Ya... yangu."

Nilimpa kamba niliyopimia ile fimbo, yenye fundo mwisho. Aliisimamisha kando yangu. Ilinifika kidevuni.

"Ni ya kutembea nayo?"

"Ndiyo. Kesho."

"Mbali?"

"Mpaka Nyalenda."

"Ahaa!" akasema, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimu aliyemzidi umri. Sikuuliza hiyo ahaa ni ya nini. Nilifurahi tu kwamba maswali yameisha.

Kazi yake ilikuwa tamu kuitazama. Alikata paipu ya maji, akailazia ndani kipande cha blanketi, akaivisha turubai ya kijani. Kisha akatoa mkanda wa gari, ule wa kujifungia kitini, aliounyofoa kwenye gari bovu.

"Mkanda haukatiki katikati," akanifundisha. "Unakatikia pale uliposhonewa. Kwa hivyo huu hatuushoni ubavuni kama begi la shule. Unapita chini ya kitako, mzigo unaukalia. Na uzi ni huu wa nyavu. Ukiweza kumshika samaki mzito kama mbuta, fimbo itauambia nini?"

Ilipofika saa tisa aliugeuza mfuko nione upande wa juu, pale mkanda unapoungana na turubai. Nikaona msalaba mweupe, mkubwa kama kiganja changu.

"Wenu huwa mweupe ama mwekundu?" akauliza. "Mimi nimeweka mweupe. Na kesho mkiwa kwa maombi, utaje goti langu. La kushoto."

Ndipo nikaelewa ile ahaa. Huku kwetu kuna waumini wanaovaa kanzu nyeupe na kutembea na fimbo zao za sala, na wengine hukutana Jumamosi. Mzee alikuwa ananishonea mfuko wa fimbo ya Mungu.

Ningeweza kusema amina nikaenda. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Lakini lile goti lilikuwa limekanyaga mashine mchana kutwa kwa ajili yangu.

"Mzee," nikasema, "mimi si wa kanisa hilo. Fimbo ni ya pool."

"Ya nini?"

"Ya pool!"

Ilitoka kwa sauti kuliko nilivyopanga. Mama wa omena aliacha gorogoro lake la kupimia hewani.

"Yawa! Na vile nilikuwa nimeanza kuficha madhambi yangu!" akasema.

Mzee alinitazama, akautazama msalaba, kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Na mimi nashangaa," akasema huku akicheka, "huyu mtumishi gani, amekaa kwangu saa zote hizi na hajanibarikia hata kikombe cha maji!"

"Toa huo msalaba, mzee," mama wa omena akamwambia. "Watu watampigia magoti barabarani."

Mzee alichukua wembe. Nilikuwa karibu kukubali, kisha nikaona nyuzi za msalaba zinakopita. Ziliingia kwenye turubai, zikapenya mkanda, zikatokea upande wa pili.

"Ukiutoa, mkanda utashikwa na nini?"

"Nitashona kisanduku cha kawaida."

"Kitashinda huu?"

Akafikiri. Angeweza kunidanganya. "Hapana. Huu nimeupitisha mara nne, kwa sababu ni msalaba. Nikifumua, matundu yatabaki, na turubai yenye matundu si turubai tena."

"Basi uache."

"Utaenda nao hivyo kwa pool?"

"Mpira hauangalii mfuko," nikajibu.

Walicheka wote, hata wale wateja wawili. Sikuwa nimewahi kuchekesha watu wazima kwa kukusudia, na masikio yangu yalipata moto kwa raha.

"Ukishinda, utaje goti langu," mzee akasema nikiondoka. "Ukishindwa, usinitaje kabisa."

Jioni niliufikisha kwa mama mdogo. Aliutundika mkanda kwenye boriti ya veranda, akaukumbatia mfuko kwa mikono miwili, akainua miguu. Na mama mdogo si mtu mwepesi. Boriti ililia. Mkanda haukusema kitu. Alining'inia pale akizunguka taratibu, mpaka uso wake ukakutana na msalaba.

"Hii nayo ni nini?"

Nilimweleza. Alishuka ili acheke vizuri, akakaa kwenye ngazi, akajifuta machozi, akaanza upya. Kisha akaingia ndani, akatoka na fimbo, akaiteremsha mwenyewe ndani ya paipu na kufunga kifuniko.

"Lala nayo kwenu," akasema.

Kesho yake niliamka kabla mama hajawasha jiko. Saa mbili na nusu nilikuwa natembea kuelekea Nyalenda, mfuko mgongoni, mikono yangu miwili mitupu. Akina mama watatu wenye kanzu nyeupe walinipungia, nami nikawapungia. Mlangoni pa ukumbi msichana mrefu aliyevaa kofia akapaza sauti, "Jamani, mhubiri amefika!" Wakacheka, nami nikacheka nao. Nikaushusha mfuko, nikatoa fimbo, nikauliza nani anavunja mipira kwanza. Wakatazamana. Basi nikaipaka chaki, nikainama, nikavunja mimi.