Saa Kumi na Tatu kutoka Montréal

Ukipanda pikipiki ya Muzaliwa kutoka Kasongo kwenda Kabambare, usimwulize mtafika saa ngapi. Atakujibu, "Tutafika." Ndiyo adabu ya kazi yao: matope hayana saa, na dereva anayeahidi saa hulala njiani na aibu yake. Miaka kumi na mmoja ameishika adabu hiyo. Aliivunja mara moja tu, kwa mama yake mzazi, nami jirani yake nilikuwa nimekaa palepale.

Mama Anastasie alikuwa mgonjwa tangu mavuno ya mpunga. Jumatatu asubuhi binti yake Marcelline alipiga simu kutoka Montréal: anakwenda uwanja wa ndege. Mama akauliza ni mbali kiasi gani. Muzaliwa, ambaye hapendi kuonekana hajui kitu, akatafuta kwenye simu yake, Montréal hadi Kinshasa, akasoma kwa sauti ili hata sisi majirani tusikie.

"Mama, iko kilomita elfu kumi na mia mbili. Avion inafanya masaa kumi na tatu."

"Basi kesho nitakula na mutoto wangu."

Simu ilipima njia ya ndege isiyotua popote, na ndege hiyo haipo. Haikuhesabu kungoja Brussels, wala kungoja tena Kinshasa ndege ya Kindu, wala barabara ya Kindu hadi kwetu. Muzaliwa, mtu wa matope, alipaswa kulijua hilo kuliko sisi sote. Lakini ulimi hauna mfupa.

Mama akaagiza kuku afungwe mguu chini ya kitanda, asichinjwe mpaka binti afike. Jumanne akavaa kitenge kipya, akaketi mlangoni. Uji aliukataa, mgeni hatanguliwi kula, alisema. Jumatano Marcelline akapiga kutoka Kinshasa: ndege ya Kindu ni Ijumaa. Muzaliwa alitoka kuongea nje, nami nikimsikia, akarudi akamwambia mama, "Anafika jioni." Aliona haya kuirudisha ile saa aliyokwisha kuitoa. Alhamisi asubuhi akasema tena, jioni. Uji ukapoa tena.

Mchana ule mama aligeukia ukuta.

"Marcelline alikataa kuya," alisema. Hakusema neno lingine.

Tulimzika Ijumaa. Jumamosi Marcelline alishuka kwenye pikipiki akiwa na matope hadi kwenye nyusi. Habari alikuwa ameipata Kindu. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akamwuliza kaka yake, "Yaya, mama alisema nini ya mwisho?"

Muzaliwa alimtazama kuku, ambaye bado alikuwa amefungwa.

"Alisema huyu iko wako. Alijua uko njiani."

Uso wa dada yake ukatulia. Kuku akachinjwa, Marcelline akampika kwa mikono yake, na firigisi akamwekea kaka yake, kwa kuwa sasa ndiye mwenye nyumba. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Muzaliwa anaisafiri mwaka wa pili sasa, nami nimepanda nyuma yake, maana nilijua yote, nikanyamaza, nikachovya bugali kwenye mchuzi ule. Yeye aliitafuna ile firigisi mpaka tukamaliza kula wote, kisha akaenda kuitema nyuma ya nyumba.