Barua Niliyoiona Ikiandikwa

Mama alipopatwa na kiharusi niliomba ruhusa ya wiki moja kwenye shule ninayofundisha Nakuru, nikapanda hadi kwake Molo kumuuguza. Wiki moja ikawa tatu. Hakuweza kujigeuza kitandani wala kushika kikombe.

Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikipanga ratiba ya mitihani. Ratiba yenyewe ilikaa ndani ya kompyuta ya ofisi, kwenye programu isiyokubali chochote ila Windows. Laptopu niliyobeba kwenda Molo ilikuwa kuukuu ya kaka yangu, naye alikuwa ameiwekea mfumo mwingine, Linux. Kabla sijaondoka, mwalimu mwenzangu, mwanamke tuliyekaa ofisi moja miaka tisa, aliniwekea kwenye kompyuta ile njia ya kuiona skrini na kuiendesha nikiwa mbali. Huyu ndiye aliyenipikia uji nilipojifungua.

"Enda umwone mathe," aliniambia. "Huku nitakushikia."

Wiki ya pili nilipopata nafasi ya kuishika ratiba, siku mbili nzima mashine zile zilikataa kuelewana. Mara skrini nyeusi tupu, mara naambiwa neno la siri si sahihi, na mimi najua nimeliandika sawa. Nikampigia kaka Nairobi.

"Hilo neno liko na alama ya @?"

"Liko."

"Basi ni kibodi. Kwenye hiyo laptop nilibadilisha mpangilio. Ukibonyeza hapo inaandika alama nyingine, na huoni kwa sababu neno lote linafichwa kwa vinukta. Rudisha mpangilio wa kawaida."

"Nitajaribu. Na wewe unakuja lini? Mama anakuulizia."

"Kazi imenibana, dada. Jaribu hiyo kwanza."

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado umekalia mashamba ya viazi, niliiweka simu dirishani panaposhika mtandao, nikabadilisha kibodi, nikaandika neno la siri. Skrini ya ofisi ikaanza kujichora, kipande kwa kipande. Nilifurahi hata nikataka kumwita Mama aone. Halafu nikaona mshale unatembea na mimi sijaugusa. Mwenzangu alikuwa ameketi pale, anaandika barua kwa mwalimu mkuu, na kichwa cha barua kilisema inanihusu mimi.

Aliandika kwa Kiingereza chake kile cha taratibu, kila neno mahali pake. Kwamba nimepitiliza siku nilizopewa. Kwamba ratiba imekwama. Kwamba haijulikani nitarudi lini. Hapo akasita. Akafuta sentensi hiyo herufi kwa herufi, akaandika badala yake kwamba sijaonyesha nia ya kurudi.

Ningeweza kumpigia simu papo hapo. Sikupiga. Nilikaa nikimtazama, pengine dakika kumi, nikisubiri nione atafika wapi. Mama aliniita kutoka chumbani kwa ile sauti yake mpya iliyolegea upande mmoja.

"Ngoja kidogo, Mama," nikamjibu, bila kuinua macho.

Mwishowe niliusogeza mshale hadi mwisho wa sentensi ile nikaandika: Niko hapa. Ninaisoma.

Kila kitu kikasimama. Kisha simu ikalia dirishani.

"Madam, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uko hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo wa barua."

"Mkuu ndiye aliniambia niandike. Anataka kitu cha kuweka kwa faili."

"Na hiyo ya kwamba sina nia ya kurudi? Ni ya mkuu pia?"

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yangu. Nimechoka, Madam. Nafundisha madarasa yako na yangu. Kila jioni unaniambia kesho ratiba itakuwa tayari."

Ni kweli nilikuwa nikimwambia hivyo. "Ungeniambia umechoka," nikasema.

"Na wewe ungeniambia unaniangalia."

Aliirudisha ile sentensi ya kwamba haijulikani nitarudi lini mbele ya macho yangu, akainuka, akaniachia kompyuta. Nilipokwenda chumbani nilimkuta Mama amelowa, amegeuzia uso ukutani. Alikuwa ameniita mara ya pili nami sikumsikia. Nilimbadilisha shuka nikimwomba msamaha, naye akaendelea kuutazama ukuta.

Ratiba niliimaliza siku hiyohiyo. Barua ilifika kwa mkuu hata hivyo, na kazi ya mitihani akapewa mwingine. Mama aliishi miezi minne zaidi. Kaka alikuja siku mbili kabla ya mazishi.

Niliporudi shuleni baada ya mazishi, mwenzangu alinikumbatia mlangoni, akalia kuliko mimi. Bado tunakaa ofisi moja, na saa nne tunakunywa chai pamoja. Ile njia ya kuiona skrini nikiwa mbali aliiondoa kwenye kompyuta kabla sijarudi.