Gauni la Peke Yake

Majira yale ya baridi, magauni yetu ya kitenge, yote ya rangi moja na mshono mmoja, yalining'inia kwenye uzio wa nyumba tuliyopanga mtaa wa Troyeville, na wapita njia hawakuyageukia. Mwenzangu, fundi kutoka Lubumbashi, asubuhi moja aliyaanua akayatia kwenye gunia, akabakiza moja tu dirishani. Kisha akafunga mlango kwa komeo.

"Anayetaka apige hodi," alisema.

Sikuweza kutulia. Nilishona kidogo, nikainuka kuchungulia, nikarudi kwenye cherehani, nikainuka tena. Alasiri akaja dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa benki kule Sandton, aliyezoea kusukwa nywele kwa jirani yetu. Wiki iliyotangulia alishika gauni kama hilo pale uzioni, akaliachia, akaenda zake. Siku hiyo alibisha hodi kwa haraka.

"Samahani, yale mengine kama hili bado yapo?"

"Hapana, dada. Iko moya tu," mwenzangu akamjibu.

Alilinunua bila kuomba apunguziwe, akaondoka amelikumbatia.

"Na yale ya kwenye gunia?" nikauliza.

Mwenzangu alishika mkasi, akaanza kuyafumua ili tuyageuze foronya na nguo za watoto. "Sasa ni kweli iko moya," alisema.

Nilikaa nikamsaidia, lakini kila gari lilipopunguza mwendo nje niliinua kichwa, nikidhani yule dada amerudi.