Mama alifundisha jellyfish miaka yote bila kumuona, tukamletea kwenye ndoo

Wakuu, amani iwe kwenu.

Hili ni la nyumbani kwetu na nimekaa nalo muda mrefu nikisita kuliandika. Sitaongeza chumvi. Mkifika mbele mtaona kukosa chumvi ndiko kulikotuponza.

Mimi ni clearing agent hapa mpakani Tunduma, natoa mizigo ya watu forodhani. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa Biology, anaishi Mbozi Mission na kahawa zake kidogo. Najua kuna waliopita mikononi mwake wapo humu. Mkimjua, nyamazeni tu.

Mama alikuwa na topic aipendayo kuliko zote: jellyfish. Watu wa pwani wanamwita yavuyavu.

Mnyama hana ubongo, hana moyo, hana damu, mwili karibu wote ni maji, na bado anawinda. Darasani mama alikuwa anafungua na kufunga mwavuli wake mweusi kuonyesha anavyoogelea. Wanafunzi wanacheka, yeye hata hajali.

Nyumbani alitumia sahani. Anasema jellyfish akiwa mdogo anajibandika kwenye jiwe huko chini, halafu anajigawa kama sahani zilizopangwa. Ya juu inachomoka, inaelea, inakua na kuwa mnyama kamili. Basi anachomoa sahani moja moja mpaka rundo linaisha, huku sisi tuna njaa na ugali unapoa.

Sasa wakuu, huyu mama alikuwa hajawahi kuiona bahari. Mchoro wake aliutoa kitabuni akaupeleka ubaoni, miaka yote ya kazi.

Alipostaafu macho yakaanza kumsumbua. Daktari akasema ni presha ya macho, dawa zinachelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Mama akatuita, mimi na kaka yangu Ezekia.

"Wanangu, nataka nimuone yule mnyama nikiwa bado naona."

Hakuomba kingine.

Hapo ndipo akili ya Tunduma ilipotuponza. Huku kwetu kila kitu kinakuja kwa lori. Vitenge, friji, matairi, hata sofa za harusi. Kaka ni dereva wa semi, Dar kwake ni kama sokoni. Tukasema mama magoti yanamuuma, safari ya basi ni ndefu, ya nini kumtesa? Mzigo uje.

Ezekia akaongea na wavuvi, wakampa mmoja mzima ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Akapanda naye milima yote ile.

Siku ndoo inafika mama alivaa gauni la kanisani. Kiti amekiweka nje penye mwanga, miwani ameifuta mara sijui ngapi.

Kaka akafungua mfuniko. Maji matupu, yana utelezi na vipande vipande kama uji mwepesi.

Mama akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Eze, uliongeza maji njiani?"

"Niliongeza mama. Yalimwagika kwenye kona za Kitonga, nikajaza pale sheli Makambako. Maji ya bomba, masafi kabisa."

Mama akacheka. Halafu akatueleza taratibu, kama yupo darasani. "Chumvi ya mwilini mwake ni sawa na ya bahari. Ukimpa maji ya bomba yanamwingia mpaka anaharibika. Umemuua kwa usafi, mwanangu."

Kaka alisimama pale kama dereva aliyeibiwa mzigo mpakani.

Mama akafuta miwani tena. "Basi nipelekeni mimi."

Tukakubali. Na hapa ndipo ninapoumia, wakuu.

Tukasema mvua zipite. Zikapita. Tukasema kahawa ivunwe. Ikavunwa. Mimi nikasema ngoja foleni ya malori ipungue, na mnaoijua Tunduma mnajua ile foleni haijawahi kupungua. Kila tukipiga simu anajibu, "Sawa wanangu, nipo."

Siku moja nikaenda kumsalimia. Nikamkuta anapapasa ukuta, anatafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Hakutuambia. Alijua tuko busy.

Wiki ileile nikakata tiketi. Najua mtasema ilikuwa ya nini tena. Nami nilijiuliza, ila yeye alitaka kwenda.

Tulifika ufukweni asubuhi, upande wa Kigamboni. Mimi nimemshika mkono, yeye ameshika mwavuli wake. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikamuona mmoja amelala mchangani kama mfuko wa nailoni wenye maji, jua limeshaanza kumkausha.

Nikamwambia, "Mama, yupo. Hapa mbele yetu."

Akanibana mkono. "Ana pete nne katikati?"

"Anazo mama." Hiyo ilikuwa kweli.

"Anadunda?"

Jamani, ningesema nini? Nikasema anadunda.

Akafungua mwavuli, akaufunga, akaufungua tena polepole. "Hivi?"

"Hivyo hivyo, mama."

Akaendelea pale, anafungua anafunga, anatabasamu na machozi yanamshuka. Watu wanapita wanatushangaa. Mimi naitikia tu.

Wakati wa kurudi, basi limeshapita Makambako, nilidhani amelala. Akasema, "Mwanangu, sauti ya maji ilikuwa mbali."

Kumbe alijua yule mnyama hakuwa majini. Akanipigapiga goti, na hatujaliongelea tena mpaka leo.

Nilichojifunza ni hiki. Mzazi akikuomba kitu kimoja, usimletee kwenye ndoo na usisubiri msimu uishe. Mchukue mwende, hata kama magoti yanauma. Magoti yake bado yapo. Macho ndiyo hayapo.

Sasa nina ombi kwa wakuu wa pwani. Mama anasema kasa ndio wanaowala hawa viumbe, na siku hizi kasa wamepungua, wao wanajazana, kwa hiyo lazima mnawaona. Aliyewahi kumuona akiwa hai, majini, anaogelea, anielezee hapa chini. Anafunguka kwa kasi gani, ile mikia inafuataje nyuma, mwanga unapita vipi mwilini mwake.

Andikeni kweli tupu, hata kama ni mistari miwili. Jioni nitamsomea.