Njiwa Aliyelishwa Kojani

Njiwa wangu wa kwanza walirudi kwao siku ile ile niliyowafungulia. Ilikuwa kabla ya vita vikuu vya pili, nami nilikuwa nimeolewa Wete karibuni, natoka kisiwa cha Kojani, na ndege niliowajua ni kuku tu. Kwetu kuku mgeni huzungushwa mafiga ya jikoni, akaambiwa hapa ndipo kwenu, basi hutulia. Wale njiwa nikawazungusha vivyo hivyo, jike na dume, kwa maneno yote niliyoyasikia kwa mama. Nilipofungua kapu waliruka moja kwa moja mpaka juu ya bati la jirani yangu wa Kihindi, mke wa mwenye duka, ambaye ndiye aliyenipa. Wakakaa pale wakijichokoa manyoya kama hawajapata kuniona.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, mkubwa hafundishiki," akaniambia. "Mfungie ndani mpaka atage. Mtoto atakayezaliwa kwako, huyo ndiye wako."

Nilicheka naye, lakini moyoni niliwaonea wivu. Wao walipajua kwao, na hawakuomba ruhusa ya mtu.

Ruhusa yangu ilikuwa kwa mume wangu. Hakuwa mbaya, Mungu amrehemu, lakini alikuwa mtu wa karafuu: zikiwa mtini hana nafasi, zikiwa jamvini hana nafasi, na zikisha kuuzwa amechoka. Kila nikiitaja Kojani hunijibu, "Na nyumba n'tamwachia nani?" Mama naye miguu ilikwisha kumkataa, chomboni hapandi. Tukawa tunaishi kwa salamu za kuletewa.

Akanirudishia wale wawili, nikawafungia ndani. Yalipozaliwa makinda, likapona moja, jike la kijivu. Huyo nilimlea kwa mikono yangu. Nilimzoesha kuja nikitikisa mkebe wa mtama, na mume wangu akawa anamchukua shamba na kumwachia huko, kila mara mbali zaidi. Kazi hiyo aliipenda, ingawa hakukubali kusema. Jirani alinifundisha jambo moja na kulirudia mpaka nikachoka: njiwa wa mashindano haruki na tumbo. Asilishwe mpaka arudi, kwa kuwa njaa ndiyo inayomkumbusha nyumbani.

Mjomba wangu alikuwa akileta ng'onda, samaki wakavu, kuuza soko la Wete. Tukapatana kwamba akirudi Kojani achukue njiwa wetu wawili ndani ya tenga, wa jirani na wangu, na asubuhi awafungulie pamoja uani kwa mama. Atakayetua mwanzo ndiye mshindi. Wangu nikamfunga uzi mwekundu mguuni. Mume wangu akaona raha, akasema mbele ya jirani, "Akishinda wako, ruhusa unayo. Nenda ukakae na mamako mpaka umchoke."

Hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Nikaanza kukunja kanga.

Asubuhi njiwa wa jirani alitua, akala, akaoga, akasinzia. Wangu akaja jua limekwisha panda, akaanguka uani kama nazi. Nilimkamata nigombe naye. Kifuko cha chini ya shingo kilikuwa kimetuna, na kwa vidole niliusikia mpunga ndani, punje kwa punje. Manyoya yake yalinukia udi, udi wa mama.

Mjomba aliporudi sokoni nilimvaa. Akainua mikono.

"Mamako yule! N'limwambia asimlishe. Kanambia, 'Mjukuu wangu katoka Wete mpaka hapa, aondoke na njaa? Watu watasemaje?' Kamlisha, kisha kamfukiza."

"Na wa jirani?"

"Kasema yuno nae ana bibi yake, akamlishe huko."

Mjukuu. Mimi wakati ule sikuwa hata na mimba.

Tulishindana tena na tena, na kila mara wangu alikuja nyuma, ameshiba. Kila mara nilikusudia kumwagiza mjomba: mwambie mama, akimlisha sitamwona. Maneno yakinifika ulimini nayameza. Utamwambiaje mama yako asimkirimu mgeni wako? Na kusema kweli niliitaka ile harufu. Nikishindwa, humshika njiwa wangu, nikazamisha uso manyoyani mwake, na mama akawa yupo. Mume wangu hunitania kwamba nafuga bata.

Halafu ikaja asubuhi moja njiwa wangu akatua mwanzo. Wa jirani hata hakuwa ameonekana. Jirani akapiga makofi juu ya ukuta, na mume wangu, ambaye hakuwahi kunisifu mbele ya watu, akasema, "Haya, funga mzigo. Umeshinda!"

Nilimshika njiwa. Kifuko kilikuwa bapa. Nikaweka pua manyoyani, yakanuka njiwa tu. Nikakaa chini pale pale uani. Mume wangu akaniuliza nalilia nini, na ruhusa ninayo.

Tulifika Kojani alasiri, mama keshazikwa. Alikuwa amefariki alfajiri, na mjomba, katika vurugu ya watu, aliwafungua njiwa wasije wakafa tengani. Niliingia jikoni, kwa kuwa ndiko ambako nilizoea kumkuta. Kando ya mafiga palikuwa na kifuu cha mpunga, umepetwa vizuri, umefunikwa kawa ili kuku wasiufikie. Aliupeta jioni ile tenga lilipofika.

Mwanamke mmoja wa msibani akataka kuwamwagia kuku. Nikamwambia auache, una mwenyewe.