Kisu Kilichong'oka Jino

Ukitia mkia wa kisu ulioiva moto ndani ya mpini wa mpera, unatoka moshi wenye utamu fulani. Ukinishika puani tu, mimi huyo nimerudi Lurambi, miaka ya tisini, kwenye kibanda cha mabati cha baba yangu, nina miaka kumi na mmoja na magoti meusi tii. Leo visu ndivyo vinavyonilisha, navifua kwa mikono yangu hii. Watu huniuliza mwanamke aliingiaje kwenye kazi hii. Nawaambia niliingilia mlango wa jikoni, nao wanadhani natania.

Baba alikuwa mhunzi. Wakataji miwa walimletea panga zilizoisha akazigeuza visu, na springi za trela za miwa akazifua majembe. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mvukuto, na niliipenda kuliko chakula. Kukhu, yaani mama yake baba, hakutaka kuniona pale kabisa. Kwa watu wa rika lake, moto wa chuma haukuwa wa wasichana. "Wee Mmbone, nani ataoa mtu ananukanga makaa?" aliniuliza kila asubuhi, kana kwamba wachumba walikuwa wamepanga foleni getini. Baba alimbembeleza mpaka akakubali, ila kwa sharti: siku nitakayoharibu kitu, hata mara moja, narudi jikoni na maneno yaishe.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Niharibu nini, mimi?

Likizo ya Agosti tukaambiwa wakwe wanakuja kuzungumza mahari ya dada yangu Roselida. Nikaapa kuku wa wageni atakatwa kwa kisu changu cha kwanza. Baba akanipa kipande cha springi, nikakigonga siku mbili mpaka mikono ikavimba. Asubuhi ya wageni, baba akiwa anapanga viti, nilikipasha kikawa chekundu, nikakizamisha kwenye ndoo ya maji. Tsss! Nikakinoa kwenye jiwe, nikakitia mpini, nikajaribu makali kwenye nywele zangu mwenyewe. Zilikatika! Jamani, nilijiona fundi wa mafundi. Kumbe nilisahau jambo moja. Chuma kikitoka majini kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, na ni lazima ukirudishe motoni polepole kidogo kabla hakijaguswa na mfupa.

Senge, dada yake baba, ndiye aliyekuwa anakata kuku. Alifika pajani, akapiga mara moja, tak!

"Mungu wangu! Kisu kimeng'oka jino!"

Jino lenyewe, kile kipande cha makali kilichomeguka, halikuonekana. Lilikuwa mahali fulani kwenye sinia ya nyama ya wakwe, na wakwe wenyewe walishakaa sebuleni wanakunywa chai. Kumtupa kuku haikuwezekana. Kwetu ingokho, kuku wa wakwe, hapungui kiungo. Imondo, ile firigisi, lazima ifike mbele ya mzee wao, na mgeni akikosa kitu anahesabu kuwa ametukanwa. Mama akashika kichwa. Baba alipoitwa, alikimbia kibandani, akarudi na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Akaanza kuipitisha juu ya nyama, kipande kwa kipande, taratibu kama padri anayebariki matawi. Shingo, hakuna. Bawa, hakuna. Akafika pajani, tik! Jino likaruka na kung'ang'ania sumaku.

Akina mama walipiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Wakwe kule sebuleni, wakidhani ni vyao, wakasimama na kuitikia kwa wimbo.

Mambo yangeishia hapo, lakini Senge hakuzaliwa na breki mdomoni. Watu walipokuwa wanakula obusuma, ugali wetu, akawasimulia wageni kisa chote, huku akifuta machozi ya kicheko. Kukhu peke yake hakucheka. Aliweka tonge chini, akanitazama mimi.

"Kisu kilikuwa cha nani?"

Nilivuta pumzi kusema ni changu. Nilitaka sana wajue! Kupoteza jino niliona ni kitu kidogo tu, mbona kilikata nywele? Lakini baba akawahi.

"Changu, mama. Nilikifua haraka haraka."

Wageni walipasuka kwa kicheko. Mhunzi ameshindwa na kuku! Mmoja akauliza kama majembe yake nayo yanaogopa udongo. Baba akacheka pamoja nao, akijifuta jasho. Mimi niliwaka kwa hasira. Kisu changu, mbele ya macho yangu! Nilifungua mdomo, mama akanikanyaga mguu, na akaukanyaga kweli.

Kesho yake baba aliniita motoni, akanionyesha namna ya kupasha kisu mpaka kigeuke rangi ya asali. Nilitazama, lakini sikumsemesha siku tatu nzima. Mwezi ule wakataji miwa walimtania bila huruma: "Fundi, hii panga ni ya mua ama ni ya ndizi?" Wengine walipeleka panga zao kwa mhunzi mwingine. Baba alicheka tu na kuendelea kugonga.

Miaka ikaenda, nikafungua karakana yangu. Siku moja mama mmoja kutoka Sigalagala akarudisha kisu changu kimekatika, akakiinua juu wateja wote wakione, akasema alichosema. Uso uliniwaka moto. Nilitamani kumsingizia mtu yeyote, hata aliyeniuzia chuma. Ndipo nikamwona baba akilini, siku ile pale sebuleni, mbele ya wakwe, mtu ambaye jina lake ndilo lililokuwa unga wetu, anacheka na jasho linamtoka. Nikaketi juu ya gunia la makaa nikalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kutamu.

Jioni nikampigia simu.

"Baba, kile kisu cha wakwe wa Roselida kilikuwa changu."

Alicheka, mzee wa watu.

"Hapana, mama," akasema. "Kile kilikuwa changu."